Kichwa Kwenye Maganda ya Mahindi

Mzika kichwa ndiye muua nyoka.

Mmeisikia leo ukumbini, mkaguna. Mlipanga viti, mkapiga muziki, mkapokea pongezi za sherehe, halafu sufuria chafu mkawaachia mama zenu. Aliyewarushia maneno hayo hakuwaonea. Mmoja wenu ameuliza ni nyoka gani huyo, kwa kuwa methali hiyo haimo vitabuni. Ni kweli haimo. Hatukuirithi kwa mababu wala hatukuibeba kwenye ndege. Ilizaliwa hapa hapa Australia, katika shamba la mahindi nyuma ya nyumba hizi, na wengi wa walioshuhudia bado wanakula ugali. Kaeni basi, mweke simu chini, niwaeleze ilivyokuwa.

Alikuwepo mtu akiitwa Wilondja. Alifika huku na mkewe Furaha na mama yake, Bibi Nyassa, baada ya kuishi kambini Kigoma miaka kumi na mitatu. Kwao, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Wilondja alikuwa mwalimu mkuu, na akipita njiani hata waliomzidi umri walimpisha. Huku akapata kazi ya kukata zabibu. Msimamizi alishindwa kulitamka jina lake, akamwita Willy, naye akaitika, maana mwenye shida hachagui jina. Kazi yenyewe haikumsumbua. Kilichomuuma ni kwamba siku ilianza na kuisha bila mtu kumwita Mwalimu. Alikuwa hamwambii mtu, lakini mama yake alijua.

Watu wetu walikuwa wameomba kipande cha ardhi kilichokaa bure, wakapanda mahindi meupe, kwa sababu haya ya manjano ya dukani ni matamu kama peremende na ugali wake hausongeki. Penye mahindi pana panya, na penye panya, mwenye kuwala hakosi. Nyoka wa huku ni mwembamba, wa rangi ya kahawia, ukimwona kwenye udongo utadhani ni mpira wa maji uliosahauliwa. Hana makeke ya swila wala unene wa kifutu, lakini sumu yake haina mzaha.

Jirani yao alikuwa mama wa Kizungu, mjane, jina lake Noreen. Alizaliwa hapo na kuzeekea hapo. Siku za mwanzo alipita nyumba kwa nyumba na bandeji mkononi, akionyesha namna ya kumfunga aliyeumwa, Furaha akimtafsiria. Ukimwona nyoka, alisema, simama, rudi nyuma, mwache apite zake. Asipoondoka kuna mtu wa kumpigia simu, atakuja kumtia katika mfuko ampeleke porini. Kumuua hairuhusiwi, sheria inamlinda. Watu wetu walimsikiliza kwa adabu, wakamshukuru, na alipofunga lango wakacheka hadi machozi. Nyoka apigiwe simu! Nyoka aletewe usafiri kama mgeni wa serikali!

Basi ikafika Jumamosi ya mavuno. Wanaume walikuwa wakivunja mahindi, wanawake wameketi wakimenya, na katikati yao maganda yakawa rundo la kufika kiunoni. Kuku walikuwa tayari jikoni. Saa nne hivi Furaha akapiga yowe. Nyoka alikuwa ametoka mistarini, anakuja kwenye rundo taratibu, kichwa juu kidogo.

Noreen alikuwa upande wa pili wa uzio. Akapaza sauti, "Mwacheni! Rudini nyuma, mwacheni!"

Wilondja alikuwa na jembe mkononi. Alipiga mara moja tu. Kichwa kikaruka upande wake, kiwiliwili kikabaki kinajisokota kwenye vumbi, na watu wote wakashika vifua. Halafu kigelegele cha kwanza kikapanda, kikafuatwa na cha pili, na mtu mmoja aliyesoma kwake zamani akaita kwa nguvu, "Mwalimu! Mwalimu wetu!" Wengine wakaitikia. Wilondja aliposikia neno lile, hakumwona tena nyoka wala shamba.

Sasa, kwao kuna desturi. Muua nyoka hupewa kiti cha mbele na firigisi ya kuku, hata kama baba mkwe yupo. Lakini kabla hajaketi, kabla hajanawa mikono, hukichimbia kichwa shimo na kukizika mwenyewe. Kichwa cha nyoka hakiachwi juu ya ardhi, kwa sababu kikishakatwa huendelea kuuma. Watoto wa kule hulijua jambo hilo kabla ya kujua kusoma. Mwalimu alilijua pia, na aliwahi kulifundisha darasani kwa chaki na mchoro.

"Wilondja," mama yake akaita. "Kichwa."

"Naja, mama."

Kiti kikaletwa. Simu zikatolewa. Wilondja akajivisha kiwiliwili cha nyoka shingoni, watu wakapiga picha, wengine wakiomba kusimama pembeni yake.

"Mwanangu, kichwa hakijazikwa."

"Mama," akajibu akicheka, sahani ya firigisi imeshafika magotini, "tuko Australia!"

Watu wakacheka sana. Bibi Nyassa hakuita mara ya tatu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo tulivyofundishwa, lakini siku ile mguu uliovunjika haukuwa wa aliyekataa kusikia. Bibi aliwaona wanawake wamerudi kumenya, wameketi chini palepale, miguu mitupu ndani ya maganda, na katika rabsha ya kushangilia hakuna aliyeangalia kichwa kilikoangukia. Akainama kuyachambua maganda kwa mkono.

Hakupiga kelele. Alisema tu, "Kimeniuma."

Wote wakageuka. Kichwa kilikuwa kimening'inia kwenye kifundo cha mkono wake, meno yamezama, na nyuma yake hakuna kitu. Kitu kilichouawa nusu saa nzima iliyopita, mwili wake uko shingoni mwa mtu, kilikuwa kimemng'ata bibi kizee mbele ya macho yetu! Bibi akakung'uta mkono, kichwa kikaanguka, kikatumbukia tena ndani ya maganda.

Hapo akili zikatuhama. Mmoja alikimbilia wembe ili achanje. Mwingine akararua kanga afunge mkono kwa nguvu. Mwingine akaja na ndoo ya maji. Wilondja aliutupa ule mwili wa nyoka kama unaomuunguza, akamnyanyua mama yake mikononi ili akimbie naye garini.

Noreen aliuruka uzio, na miaka yake sabini. "Mlaze chini! Asisogee! Msikate, msioshe!" Furaha akawa anatafsiri huku analia. Noreen akaanza kufunga bandeji kwenye vidole, akapanda nayo hadi begani, imebana sawasawa, akaufungia mkono kijiti usikunjike. Kisha akapiga simu. Kisha akamwambia Wilondja akae chini, amshike mama yake, asifanye kitu kingine chochote.

Kwa mwanamume aliyekuwa shujaa dakika tano zilizopita, hakuna adhabu inayopita hiyo. Alikaa. Alimwona mama yake akitoa jasho jembamba, akaona macho yanageuka meupe na kidevu kinaanguka, akadhani ndiyo basi. Aliogopa kiasi cha kushindwa hata kuomba Mungu. Baada ya muda macho yakarudi. Bibi akavuta pumzi kama mtu aliyeamshwa.

Gari la wagonjwa lilipofika, walimpandisha kwa machela. Wilondja akaweka mguu kwenye ngazi.

"Kichwa kiko wapi?" Bibi Nyassa aliuliza.

"Mama, achana na kichwa. Twende."

"Nakuuliza kiko wapi."

Wilondja hakujua. Akatazama nyuma. Watu wamejazana kuzunguka rundo la maganda, wengine wamesimama juu yake ili waone vizuri, na wengi wana kandambili. Watoto nao wamo.

"Furaha atakuja nami," mama alisema. "Wewe shuka."

"Siwezi kukuacha, mama. Na kama..."

"Kama ni kufa, nitakufa ukiwepo na nitakufa usipokuwepo. Wale hawajaumwa bado. Shuka, mwanangu. Kazike."

Akashuka. Mlango ukafungwa mbele ya uso wake na gari likaondoka. Hospitali yenye dawa ilikuwa mwendo wa saa nzima na ushei.

Akawaondoa watu wote hadi barabarani. Noreen akampa mabuti yake ya shamba na koleo refu la kushikia makaa ya mekoni. Wilondja akapiga magoti, akaanza kuondoa maganda, ganda moja, ganda moja, tangu ukingoni. Jua lilikuwa kali. Simu ilikuwa mfukoni na haikulia, na kila ganda alilonyanyua alikuwa akijiuliza kama mama yake bado anapumua. Sahani ya firigisi ilikuwa imepinduka pale kitini, nzi wanaila.

Alikipata karibu na saa sita. Kilikuwa kidogo, si kikubwa kuliko dole gumba, mdomo wazi, kimekauka vumbi. Akakigusa na ncha ya jembe ili ahakikishe. Kikauma chuma. Alisikia meno yakigonga, tik, kwa masikio yake, na sisi wa barabarani tukamwona anaketi chini ghafla kama aliyekatwa miguu. Akalia pale kwa sauti. Hakuna aliyekwenda kumnyamazisha, maana kila mmoja alikuwa akiitazama miguu yake mwenyewe.

Aliposimama alichimba. Udongo wa huku wakati wa kiangazi ni mgumu kama tofali, lakini alichimba hadi kiwiko kikazama. Akakitia kichwa kwa koleo, akafukia, akaviringisha jiwe juu yake. Kigelegele hakikusikika.

Noreen alimpeleka kwa gari lake. Walimkuta Bibi Nyassa amelazwa, mipira imemwingia mikononi, fizi zimetoka damu, uso umepungua. Daktari alisema dawa imeingia kwa wakati, lakini wasubiri hadi kesho ndipo waseme lolote. Bibi akafumbua macho.

"Umekizika?"

"Nimekizika, mama."

Akayafumba tena. Wilondja alilaza kichwa chake ukingoni mwa kitanda, akakesha hivyo hivyo.

Kesho yake ilikuwa Jumapili, na mgonjwa akaweza kunywa uji. Mchana wodi ikajaa watu wetu waliotoka ibadani, na mchungaji akiwa mbele. Ni mtu mwema, lakini hakuwepo shambani, yeye aliona picha tu kwenye simu. Akasimama kando ya kitanda, akainua mikono na kuanza kushukuru. Akamshukuru Mungu kwa uhai wa mama. Kisha akamshukuru kwa ajili ya mwana shujaa, Mwalimu Wilondja, aliyemuua nyoka jana saa nne asubuhi kwa pigo moja la jembe.

Watu wakasema amina. Wilondja alikuwa anatazama sakafu.

"Mchungaji," Bibi Nyassa akasema kwa sauti yake iliyokauka, "hapo kwenye saa umekosea."

Mchungaji akafumbua macho. "Haikuwa saa nne, mama?"

"Saa nne yule nyoka alikuwa bado hajaniuma. Mtoto wangu alimuua nyoka saa sita, na hapakuwa na mtu wa kumpigia picha." Akanyoosha mkono ule uliofungwa, akautua juu ya kichwa cha mwanawe. "Andikeni hivyo kwenye maombi yenu. Mzika kichwa ndiye muua nyoka."