Bi Rababu na Mbegu za Marehemu

Wamesimulia waliotutangulia kwamba ilikuwa Jumanne, mwezi kumi na saba Shaabani, mara baada ya swala ya adhuhuri, mpiga mbiu aliposimama sokoni, katika bonde moja la Yemen, akatangaza amri ya liwali: ada ya kupiga muhuri gunia la mbegu imepanda kutoka nusu dirhamu hadi dirhamu mbili, gunia liwe kubwa au dogo.

Wauza mbegu wakaanza kujaza magunia hadi shingoni ili wapeleke machache. Unaysi, mcha Mungu aliyeaminiwa na wakulima, naye akashindwa na hofu ya umaskini. Akamimina mtama wa mwaka uliopita chini na mpya juu. Msimamizi wa soko, Sheikh Dhakwani, akachota juu, akaulaza katika kitambaa kibichi, ukachipua vizuri, akapiga muhuri. Siku ya nne baada ya hapo homa ikamchukua Unaysi, akafariki.

Mkewe, Bi Rababu, alipotoka eda alifungua gunia moja ili ampimie jirani. Katikati mkono wake ukagusa vumbi la fukusi, wadudu wala nafaka. Akalaza mbegu kumi katika kitambaa. Zikachipua tatu tu. Ndipo alipoelewa. Akakaa chini, mvua i karibu na wanunuzi wako njiani. Akinyamaza, mashamba ya watu yatabaki matupu. Akisema, atamfedhehesha mtu aliye kaburini, asiyeweza kujitetea.

Asubuhi aliyapeleka magunia yote saba kwa Sheikh Dhakwani.

"Vunja mihuri hii, sheikh. Humu mna mbegu mbovu."

Lakiti, muuza mbegu mwenzake Unaysi, aliyekuwa hapo, akacheka. "Bi Rababu, marehemu alikuachia magunia au mahubiri?"

"Aliniachia magunia, Lakiti. Mahubiri utayapata msikitini, ukienda."

Sheikh akauliza kwa upole, "Nani aliyechanganya, dada yangu?"

"Wewe unakagua mbegu, sheikh. Mbegu ndizo hizi. Yaliyobaki yako kwa Mola wake."

Sheikh akavunja mihuri yote saba. Lakini amri ni amri: muhuri mpya, ada mpya. Bi Rababu akapepeta na kuchambua siku kumi na mbili, punje kwa punje, yakabaki magunia manne. Akauza bangili zake, akalipa. Mtama mbovu akausaga, akaula mwenyewe.

Mvua ikanyesha. Wakulima walipoona mistari imejaa miche, walisema, "Allah amrehemu Unaysi, mbegu zake hazijawahi kutuangusha." Bi Rababu alisikia, akalia, akaitikia amina.

Ndugu zangu, kumsitiri maiti ni wajibu, lakini hasitiriwi kwa kuwadhuru walio hai. Wengine wetu tumebaki na mizigo ya tuliowazika. Tuipepete kwa subira.

Ewe Mola, wasamehe waliotutangulia yale waliyoyafanya kwa hofu, uyapanue makaburi yao, na utukutanishe nao ukiwa radhi nasi. Amin.