Mwanya wa Mwalimu

Wahenga waliosema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza hawakuwa na simu mifukoni, na ndiyo maana siku hizi wapo wanaowacheka. Maana ya methali hiyo haina fumbo: kitu chema hakihitaji kupigiwa debe, sifa zake hutangulia zenyewe, kibovu ndicho huzungushwa huku na huku kikitafuta wa kukitaka. Fundi mmoja wa meno ya bandia aliijua methali hii tangu akiwa darasa la sita. Aliiandikia insha, akapata alama ishirini na saba kwa thelathini. Zile tatu zilikatwa kwa maneno mawili ya kalamu nyekundu: "Mfano hautoshi."

Aliyeyaandika maneno hayo alikuwa mwalimu wake wa darasa, ambaye mji mzima ulimwita Mwalimu tu, utadhani hakukuwa na mwingine. Ni yeye pia aliyembandika mwanafunzi wake jina la Kimya, kwa kuwa aliweza kukaa vipindi vitatu bila kufungua mdomo. Jina likamganda hadi utu uzima.

Karakana ya Kimya ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la viatu. Palikuwa na meza ndefu, taa ya shingo ndefu, nta ya rangi ya waridi na vumbi la plasta lililotua hadi kwenye nyusi zake. Rafuni zilipangwa kalibu za vinywa vya watu, kila moja na namba yake. Jina halikuandikwa popote. Namba ya nani ni ipi, alijua yeye kichwani mwake, basi.

Mwaka mmoja, wakati wa likizo, Mwalimu aligonga mlango wa nyuma. Alikuwa amefunika mdomo kwa leso.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Kimya. Funga mlango, mwanangu."

Alipoiondoa leso, Kimya aliinamisha macho. Meno manne ya mbele, ya juu, hayakuwepo. Ufizi uliugua kwa muda mrefu na daktari akayang'oa. Ni meno yaleyale yaliyokuwa na mwanya uliojulikana kuliko saa ya shule. Mwalimu akicheka, hata mtoto aliyepata sifuri alicheka naye. Jino la kushoto lilikuwa limemeguka kidogo pembeni, kwa tabia yake ya kufungua kifuniko cha kalamu nyekundu kwa meno.

"Sitaki meno mazuri," alisema, akimpa picha yake ya zamani. "Nataka yangu. Wanangu wako mbali, hawajui. Walimu wenzangu hawajui. Shule ikifunguliwa, nataka niingie darasani kama nilivyotoka. Nimekuja kwako kwa ajili ya mikono yako, na kwa ajili ya lile jina nililokupa."

Kimya alifanya kazi wiki mbili. Aliyachonga, akayapiga msasa, akayatupa, akaanza upya. Siku ya kuyajaribu, Mwalimu alijitazama kwenye kioo, akacheka, kisha akalia, kisha akacheka tena.

"Ila kalamu, Mwalimu, basi tena."

"Nitajitahidi. Siahidi."

Shule ikafunguliwa na hakuna aliyegundua lolote. Katika ufundi huu, hiyo ndiyo tuzo yenyewe. Fundi wa makabati husifiwa mbele ya wageni, lakini meno ya bandia yaliyo bora ni yale ambayo hakuna anayejua kuwa ni ya bandia.

Baada ya hapo, watu wakaanza kugonga mlango wa nyuma mmojammoja. Alikuja karani mstaafu, akaja mwanamke aliyekaribia kuolewa, akaja dereva mwenye haya kuliko wote. Kila alipouliza wamemjuaje, walijibu: "Kuna mtu kaniambia." Kimya hakumuuliza mtu zaidi ya hapo. Wala hakujiuliza, na hilo ndilo kosa lake la kwanza.

Kisha ng'ambo ya barabara kikafunguliwa kituo cha meno chenye milango ya vioo na ukurasa mtandaoni uliojaa vinywa vinavyocheka. Kimya akaingiwa na hofu. Shemeji yake, kaka wa mkewe, alikuwa muuza simu, na mdomo wake haukuwahi kwenda likizo.

"Shem, umejifungia humu kama panya buku. Nani atakujua?"

"Wanaonijua wanatosha."

"Wanatosha wapi? Mwenzako pale ana wafuasi elfu nane. Wewe una wangapi? Mimi na dada yangu. Na dada yangu ni kwa sababu hana namna."

"Siwezi kuwaanika wateja wangu, shem."

"Nani kakwambia uonyeshe sura? Onyesha meno. Meno yana jina?"

Swali hilo lilimwingia. Kimya alikuwa na picha aliyoipiga kabla Mwalimu hajayavaa meno yake: meno manne juu ya kalibu, mwanya katikati, jino la kushoto limemeguka kidogo pembeni. Tuseme kweli, hakuichagua kwa ajili ya biashara tu. Aliichagua kwa sababu ilimuuma kwamba kazi bora kuliko zote alizowahi kufanya haijawahi kusifiwa na mtu.

Kabla ya kuituma, alimwonyesha mkewe.

"Umemwomba mwenyewe?" mkewe akauliza.

"Sura haipo, jina halipo. Nimwombe nini?"

"Umwombe meno yake."

Kimya alicheka, akatuma. Ilikuwa Jumamosi mchana. Chini ya picha aliandika: "Mteja alitaka mwanya wake urudi. Tukaurudisha! Sura hatuonyeshi, siri ya mteja ni amana." Shemeji akaisambaza kwa kila aliyewahi kununua simu kwake. Ilipofika saa tisa, mioyo myekundu ilikuwa imefika mia nane, na Kimya, ambaye hakuwahi kupigiwa makofi maishani, aliketi akiitazama ikiongezeka.

Ndipo mtu mmoja akaandika: "Nimekaa mbele ya mwanya huu miaka mitatu. Na lile jino la kalamu nyekundu! Jamani, huyu si Mwalimu wetu?"

Hapo ndipo alipopaswa kuifuta. Tena kidole kilishafika kwenye kitufe. Lakini chini ya maneno hayo mwingine alikuwa anauliza, "Fundi, uko mtaa gani, nakuja kesho," na mioyo ilikuwa inapanda kwa kasi kuliko mwanzo. Kimya akakiondoa kidole. Akaandika, "Mimi sisemi kitu," akaongeza kijiuso kinachokonyeza jicho.

Husemwa kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Mshindo wa huyu ulikuwa kukonyeza.

Jioni ilipoingia, mtu alikuwa ameshaweka picha ya mahafali ya shule, Mwalimu akicheka, kando ya picha ya kalibu. Mwingine akaandika, "Kumbe miaka yote hii tunachekewa na plastiki!" Watu wakacheka hadi kwenye kundi la wazazi wa shule. Kimya akafuta picha yake, lakini ilikuwa imeshanakiliwa kote, na maji yakimwagika hayazoleki. Mkewe alisoma yote, akailaza simu kifudifudi mezani, akaenda kuanua nguo. Kama angemgombeza, angalau Kimya angepata pa kujitetea.

Jumapili hakwenda kumwona Mwalimu. Jumatatu hakwenda. Alijiambia kwamba anampa nafasi apumue. Uongo mtupu. Alikuwa anayaogopa macho yake.

Jumatano Mwalimu alikuja mwenyewe. Alipitia mlango wa mbele, mchana kweupe, wakati wateja watatu wapya wamekaa kwenye benchi la nje. Wote watatu walimtazama mdomoni. Kimya alisimama, akamwongoza ndani na kufunga mlango.

"Ungeuacha tu wazi," Mwalimu alisema. "Wa kuficha nini tena?"

Aliketi. Alipozungumza aliweka kiganja mbele ya mdomo, jambo ambalo Kimya hakuwahi kumwona akilifanya mlango ukishafungwa, hata alipokuwa na pengo.

"Jumatatu niliingia darasa la pili. Mtoto mmoja akaniuliza, kwa adabu kabisa, kama naweza kuyatoa wayaone. Sikumlaumu. Mtoto huuliza alichokisikia nyumbani. Halafu binti yangu mkubwa akanipigia. Kuhusu meno hakuuliza kitu. Aliuliza ni mambo mangapi mengine nimemficha."

"Nisamehe, Mwalimu. Ni shemeji yangu ndiye..."

"Shemeji yako ndiye aliyekonyeza?"

Kimya alihisi uso ukimwaka hadi masikioni. Alitamani ardhi ipasuke. Mtu mzima, baba wa watoto wawili, alisimama mbele ya meza yake mwenyewe mikono ikiwa nyuma, kama mwanafunzi aliyekamatwa akinakili mtihani.

"Hapana, Mwalimu. Ni mimi."

"Vizuri. Hilo angalau umelisema." Mwalimu alielekeza kidevu kwenye mlango wa nyuma. "Unawajua waliokuwa wanapita mlango wa nyuma? Karani, yule bibi harusi, dereva? Unajua nani aliwaleta?"

Kimya alikuwa ameshajua, na kujua kwenyewe kulimkata maini.

"Nilikuwa nikimwona mtu anayeficha mdomo, namwita ofisini, nafunga mlango, nayatoa, namwonyesha. Kumi na mmoja, Kimya. Niliwachagua mimi mwenyewe, na hakuna hata mmoja aliyetoboa siri yangu. Kinywa changu kilikuwa bango lako, mwanangu, na wewe hukuwa na habari."

"Mwalimu, niambie nifanye nini. Niandike mtandaoni kwamba nilidanganya? Nitaandika leo."

"Usiandike chochote. Nataka unitengenezee mengine. Yasiyo na mwanya, yasiyo na jino lililomeguka. Yawe sawasawa, kama ya watu wote. Nikicheka, pasiwe na cha kutazama."

"Naomba usinipe kazi hiyo. Nenda hata pale ng'ambo, nitakusindikiza."

"Sitaenda. Wewe bado ndiye fundi bora ninayemjua. Na hilo ndilo linaloniuma zaidi."

Kazi ile ilimchukua siku nne, nayo ilikuwa rahisi, kwa maana meno yasiyo ya mtu hayahitaji picha. Kila alipoyapiga msasa aliona aibu, na kila alipoinua macho aliiona kalibu ya zamani rafuni ikimtazama na pengo lake. Siku ya kuyajaribu, Mwalimu alijiangalia kwenye kioo kwa muda mrefu. Meno yalikuwa meupe, yamenyooka, hayana kasoro.

"Yamekaa vizuri," alisema. Hakucheka, na Kimya hakuthubutu kumtania habari za kalamu. Mwalimu aliyaacha yale ya zamani kwenye sinia, akamuaga kwa heshima kama mtu asiyemfahamu sana, akatoka.

Hakufika hata kwenye kona, kijana mmoja akaingia na simu mkononi.

"Fundi, wewe ndiye uliyetengeneza ule mwanya wa Mwalimu? Nimeuona mtandaoni. Nataka uniwekee kama ule ule, nikipiga picha nichekeshe watu."

Kimya aliyafunika yale meno manne kwa kiganja chake.

"Hautengenezwi tena," akasema.

Kijana alivuka barabara akaingia kwenye milango ya vioo. Wateja wa mtandaoni waliendelea kuja kwa wiki kadhaa, wengi wao kuchungulia tu, kisha wakapata kingine cha kuchungulia. Dereva alituma ujumbe akiomba kalibu yake ivunjwe. Mlango wa nyuma haukugongwa tena.

Yale meno Kimya aliyaweka kwenye droo, ndani ya bahasha isiyo na jina. Humohumo ulikuwamo mkoba wa makaratasi yake ya shule. Alitafuta insha ya darasa la sita, akaikuta, karatasi imegeuka rangi lakini wino mwekundu bado unasomeka: "Mfano hautoshi." Aliisoma amesimama, uso umemwiva kwa aibu, ingawa chumbani hakukuwa na mtu. Kazi yake njema ilikuwa imekaa kinywani mwa Mwalimu na kumletea watu bila yeye kunyanyua mguu. Akaitoa kinywani, akaizungusha mitaani, na ilipomrudia hakuna aliyeweza tena kucheka nayo. Sasa mfano anao, na unatosha: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.