Kopo la Kuazima

Hapo zamani, wala si zamani ile ya fisi kusema na watu, ni zamani ya juzi tu, masika yalifurisha vyoo vya Makorongo, maji ya vyoo yakaingia visimani, na watoto wa mji ule wakashikwa na kuhara. Wakahara wa wenye nacho, wakahara wa wasio nacho. Wodi ikajaa hadi watoto wawili wakalazwa kitanda kimoja. Humo alilazwa Riziki, mtoto wa miaka miwili, na kando yake aliketi mama yake, Mwanamvua. Mwanamvua alikwisha zika wawili kabla ya huyu, kwa hiyo usingizi hakuwa nao.

Akatokea Dakta Lwitiko, mtu wa maabara ya mkoani, anayechunguza bakteria wa tumboni mwa watoto wagonjwa. Akawakusanya akina mama akawaeleza kwamba hao wadudu wana koo zao kama binadamu. Ukiwatazama ni wamoja, lakini ukisoma vinasaba vyao utakuta huyu wa ukoo huu na yule wa ukoo ule, na dawa inayoua ukoo mmoja, ukoo mwingine huinywa kama uji. Kila mtoto angepewa kopo lenye namba. Choo chake kingepelekwa maabara, na siku ya tatu angeletewa dawa ya mdudu wake mwenyewe. Asiye na kopo angebaki na dawa ya kabatini, ile ya maji ya rangi ya waridi ambayo kila mtoto wa Makorongo aliwahi kuitapika. Akina mama wakaitikia. Waliosikia habari ya dawa mpya walikuwa wengi, waliosikia habari ya koo walikuwa wachache.

Nesi Notburga, mkuu wa wodi, akaweka sharti: makopo yote yawe mezani kabla ya saa nne, maana gari likiondoka halirudi, na mtoto asiye na kopo jina lake linakatwa.

Sasa sikilizeni kisa. Alfajiri ya siku hiyo, kabla dakta hajatokea, Mwanamvua alikuwa amemnywesha mwanawe maji ya majani ya mpera, dawa ya bibi yake, ya kufunga tumbo. Na tumbo likafunga. Mtoto aliyehara siku tatu bila kupumzika, asubuhi ile moja aliyotakiwa kuhara, akakauka. Saa tatu na nusu kopo lilikuwa jeupe. Mama alimkanda tumbo, akambembeleza, akamwimbia. Hapakutoka kitu.

Kitanda cha pili alikuwapo Chausiku, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, na mwanawe Hamadi. Kwao Makorongo cha jirani hakinyimwi: chumvi huazimwa, kaa la moto huazimwa, hata titi huazimwa mtoto akilia na mama yake yuko shamba. Mwanamvua akageuka akamwomba mwenzake. Hakuona haya, na Chausiku hakushangaa.

"Wamekunywa kisima kimoja, wamekula sahani moja," alisema Chausiku. "Mdudu wao atakuwa mmoja, shoga. Lete kopo lako."

Akamgawia kwa kijiko. Nesi Notburga alikuwa nyuma ya pazia na kijiko alikiona. Lakini alikwisha ona akina mama wakilia majina ya watoto wao yanapokatwa, na siku hiyo hakuwa na moyo wa kukata jina. Akaandika: ishirini na moja, Hamadi. Ishirini na mbili, Riziki.

Siku ya tatu dawa ikaja. Hamadi akanywa, na siku ya nne akaomba muhogo. Riziki akanywa ile ile, na siku ya nne shingo haikuweza kubeba kichwa.

Siku hiyo hiyo ya nne, kule maabara, Dakta Lwitiko alimaliza kulinganisha vinasaba vya makopo yote thelathini. Koo zilikuwa nyingi kupita alivyotazamia. Kopo hili halikufanana na lile, na lile halikufanana na jingine, isipokuwa ishirini na moja na ishirini na mbili, ambayo wadudu wake walikuwa pacha wasiotofautiana hata kwa nukta. Mtu mwingine angejiuliza imekuwaje. Yeye alifurahi. Alisema amepata ushahidi wa mdudu kutoka mtoto mmoja kwenda kwa mwingine, akaketi kuandika makala. Simu ilikuwa pale pale mezani na wala hakuigusa.

Siku ya tano Nesi Notburga, nafsi ikimsuta, alichukua kopo jingine, la Riziki mwenyewe safari hii, akalipeleka kimya kimya. Siku ya sita Riziki akafa. Jibu likaja wiki imeshapita. Mdudu wa Riziki alikuwa wa ukoo mwingine kabisa, na ambacho kingemuua mdudu yule ni dawa ya kabatini, ile ya rangi ya waridi. Yaani kopo lingekwenda tupu, jina lingekatwa, mtoto angenyweshwa dawa ya bure iliyokuwa hatua kumi kutoka kitandani pake, na leo angekuwa anaomba muhogo na yeye. Ninayewasimulia nimejaribu kulimeza hili tangu siku ile, halishuki.

Ikafika arobaini. Dua ilipokwisha, baba wa mtoto, Shomari, akauliza kama desturi iulizavyo: aliyemkosea marehemu na asimame aombe radhi. Kwa mtoto wa miaka miwili huulizwa tu ili desturi itimie, kisha watu huosha mikono wakala. Safari hii watu walisimama.

Alianza nesi. Alisema kijiko alikiona, akanyamaza kwa huruma, na huruma ile ndiyo anayoiombea radhi.

Akafuata Dakta Lwitiko. Alisema aliona pacha, akaona makala yake, hakumwona mtoto. "Ningepiga simu siku ile," alisema, "alikuwa bado anapumua."

Chausiku alisimama kwa hasira. "Mimi nilitoa nilichoombwa. Ningenyima, Riziki akafa, mngeniita mchawi. Lakini Hamadi wangu akicheka uani, huwa naenda kumziba mdomo, mama yake Riziki asisikie. Basi kama hilo ni kosa, niwieni radhi."

Shomari alikuwa hajui lolote kati ya hayo. Akageuka kwa mkewe. Mwanamvua alisimama wa mwisho, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Baba Riziki, tumbo nililifunga mimi kwa mkono wangu. Halafu nikaenda kumwazimia mwanangu ugonjwa usio wake."

Hakuna aliyeosha mikono. Shomari alikaa, akainamia mkeka, wali ukapoa kwenye masinia. Aliponyanyua uso alisema maneno haya, nami nawapa kama alivyoyasema:

"Radhi ninayo moja tu. Nne ni nyingi kwa kaburi dogo vile, na nikizitoa zote, tatu zitakuwa za uongo. Nitakayempa ataingia kwangu na kutoka apendavyo. Wengine wasikanyage mlango wangu tena. Niambieni nimpe nani."

Mwanamvua akautazama mlango ule, ambao aliuingia akiwa bibi harusi, na watoto watatu wametokea hapo kwenda makaburini.

Watu wa Makorongo walitazamana, na mpaka leo wanatazamana. Anayesema apewe mama, huulizwa majani ya mpera nani aliyachemsha. Anayesema anyimwe, huulizwa yeye angefanya nini saa tatu na nusu na kopo jeupe mkononi. Basi nanyi mnaonisikiliza, wenye watoto na msio nao, msinijibu kwa haraka: radhi ile moja ya Shomari, je, nani aliistahili?