Kizingiti cha Lamduan

Zamani, kabla nyumba hazijajifunza kuinama, kuta za mbao katika nchi hii ya Siam zilisimama wima kabisa, wima kama mtu aliyeitwa jina lake mbele za watu, na milango haikuwa na kizingiti. Sakafu ya chumba ilitoka moja kwa moja mpaka barazani, sawasawa, na mtoto akitambaa kutoka mkekani hakukuta kitu cha kumwambia hapa ndipo mwisho. Nawaambia kama nilivyoambiwa na bibi yangu wiki ile niliyojifungua, nimelala macho wazi, bwawa linasikika chini ya sakafu. Ninyi wenzangu mliokuja kumwona mtoto mmenicheka kwa nini ninawapigia kelele msikanyage ubao wa mlango. Basi kaeni, nitasema harakaharaka kabla hajaamka.

Siku hizo, kama ilivyo hata leo kwa wanaofuata ya zamani, nyumba ilisimamishwa kwa siku moja. Kuta zilitengenezwa kwanza chini, kila ukuta peke yake, fremu kubwa iliyojazwa mbao, bila msumari hata mmoja, vigingi vya mti tu. Siku ikishachaguliwa kijiji kizima kilikuja asubuhi, wanaume wakainua, wanawake wakapika, na kabla jua halijazama nyumba ilikuwa na watu ndani. Kama jua lilizama na kuta bado ziko chini, basi. Walisema mti wenyewe umekataa, mbao zikarudishwa msituni zikaoze, na mwenye nyumba akabaki alivyokuwa.

Palikuwa na msichana, naam, nasema msichana, miaka kumi na tisa, aliitwa Lamduan. Mumewe aliondoka yeye akiwa na mimba ya miezi minne, akaenda na magogo ya mtiki yanayoelea mtoni mpaka miji ya chini, akasema atarudi kabla mpunga haujavunwa. Mpunga ukavunwa, ukapandwa tena. Alimwachia nguzo zimechongwa, kuta zimekamilika, na ubao mmoja mpana alioulainisha kwa mikono yake, ubao wa kichwani mwa kitanda chao. Lamduan alizaa katika kibanda cha makuti ukingoni mwa bwawa, akamzaa mvulana, wakamwita Kop, yaani chura, kwa sababu siku hizo mtoto mzuri hakupewa jina zuri la nyumbani, mashetani wasije wakamtamani.

Kop akaanza kutambaa. Kila alipowekwa chini alielekea majini, kila mara, ukimgeuza anageuka. Asubuhi moja Lamduan aliinama kupuliza moto, akainuka, mtoto ana mikono yote miwili ndani ya maji na anayacheka. Na mvua zilikuwa karibu, na mvua zikija bwawa hupanda mpaka mlangoni mwa kibanda, kila mwaka, hilo lilijulikana. Ndipo akachukua sinia ya tambuu akazunguka nyumba kwa nyumba kuomba watu wamsimamishie nyumba, na watu wakakubali, hawakuwa watu wabaya, nataka mlijue hilo.

Siku yenyewe ilianza vizuri. Mpaka saa sita nguzo zote zilikuwa zimesimama, nguzo ya kwanza imefungwa vitambaa vya rangi na mgomba mchanga kama inavyotakiwa, sakafu imetandikwa, na kuta zimepandishwa zimelazwa juu yake. Zilibaki kuinuliwa tu. Watu wakaketi kula.

"Nguzo inalia," akasema Bibi Chaem, mkunga, mdomo umejaa wali.

"Hilo ni jasho," mwanamume mmoja akajibu.

"Jasho? Kwa kazi gani, wakati wewe mwenyewe ni mkavu?"

Wakacheka, kisha wakatazama, kisha hawakucheka tena. Kweli nguzo ya kwanza ilikuwa inatiririka, matone manene ya rangi ya asali, toka kifuani mpaka mguuni. Mimi nimesoma, najua utomvu ni utomvu, mti usiokauka vizuri ukipigwa na jua la saa sita utatoa utomvu. Lakini siku hizo waliamini kila mti mkubwa una bibie ndani yake, na nguzo ikilia ni yeye, hataki kuwa nyumba, na mikono itakayomaliza kazi hiyo atajua pa kuifuata.

"Nimekumbuka nyati wangu wa kulimia hajanyweshwa," mmoja akasema, akasimama.

"Nyati wako si alikufa?"

"Basi nakwenda kupaangalia alipofia."

Wakaondoka hivyohivyo, mmoja mmoja, kila mtu na sababu yake mkononi. Fundi Bunma, msimamizi wa kazi, aliviringisha polepole uzi wa timazi yake, ile ya kupimia kama ukuta uko wima.

"Fundi, zimebaki kuta tu," Lamduan akamwambia.

"Si mimi, mwanangu. Ni nguzo. Ningekuwa sina watoto ningebaki."

"Mimi ninaye mmoja, fundi."

Fundi akatia timazi kikapuni, akaenda. Wa mwisho alikuwa Bibi Chaem, kwa sababu ya nyonga yake mbovu. "Rudi kibandani, mjukuu wangu. Mwakani utajaribu tena."

"Bibi, mwakani Kop hayupo."

Mkunga akatazama miguu yake, akashuka ngazi.

Sasa fikirini. Jua limeshapita utosini, sakafu tupu juu ya nguzo, maji yanang'aa pale chini, na yeye, na mtoto, na kimya kile cha mahali palipokuwa na watu. Walimwachia nyundo ya mti, vigingi, miti mitatu ya kutegemezea na kamba moja kuukuu. Alimfunga Kop kiunoni kwa kamba hiyo, akamfunga kwenye nguzo ileile inayolia, maana ndiyo iliyokuwa katikati ya ukingo wa mbele na karibu na macho yake. Bibie wa mti, kama upo, nishikie huyu, akasema. Akaanza.

Alianza na ukuta wa jikoni, mwepesi kuliko zote. Akauinua kwa mabega, akausimamisha wima kama alivyowaona wanaume wakifanya, akauachia kufuata nyundo, na upepo mdogo tu, upepo wa kukaushia nguo, ukausukuma nje. Ulikwenda bwawani wote. Kop akapiga makofi.

Lamduan aliketi akalia kidogo, si sana, muda haukuwepo. Na alipokuwa ameketi akaelewa. Ukuta unaoangukia nje umekwenda, huna la kuufanya, lakini ukuta unaoangukia ndani utaniangukia mimi, na mimi nipo. Akainua ukuta wa nyuma, akauacha uiname kidogo kuelekea ndani, akautegemeza kwa mti, akapiga vigingi. Wa upande huu, vilevile. Wa upande ule, vilevile. Jua lilikuwa limeshafika kwenye minazi, na mikono yake ilikuwa na damu, lakini zilisimama, zimeinamiana kama watu wanaomtazama mgonjwa.

Ukabaki wa mbele, wenye mlango, mzito kuliko zote. Miti ya kutegemezea ilikwisha. Ilibaki kamba, na kamba ilikuwa kiunoni mwa Kop.

Alisimama pale akitazama fundo. Kisha akamfungua, akamweka kona ya ndani kabisa, akampa kijiko cha kifuu, akamwambia kaa, mwanangu, kaa hapohapo. Akafunga kamba kwenye kichwa cha ukuta, akaipitisha juu ya nguzo, akavuta. Ukuta ukaja. Ukaja tena. Ulipokaribia kabisa kamba ikakatika, na Lamduan akaruka chini yake, akaupokea begani, ubavuni mwa tundu la mlango. Nyundo ilikuwa hatua tatu mbali, sawa na kama ingekuwa ng'ambo ya mto.

Na Kop akaacha kijiko.

Alimwona akija kwa magoti, anafurahi, anaelekea mlangoni, na nje ya mlango ni baraza, na mwisho wa baraza ni maji. Akiuachia ukuta amkamate, utawaangukia wote wawili. Akiushikilia, atamsikia akitumbukia. Hakufikiri, bibi yangu alisema hakufikiri hata kidogo, mwili ndio uliofikiri. Alinyoosha mguu mmoja akauweka kukatiza mlango, goti limekakamaa, kisigino kimegota upande wa pili. Kop akafika kwenye mguu. Akausukuma. Akaushika, akajivuta juu, akasimama, mara yake ya kwanza kusimama duniani, na mama yake hakuweza kumpigia makofi.

Aliita. Aliita kila jina alilolijua. Kijijini walimsikia vizuri, maji hubeba sauti, wakatazamana wakasema, mnaona, mti umeanza kuita watu kwa sauti ya Lamduan, asiitike mtu. Wakafunga madirisha. Hawakuwa watu wabaya. Akaita mpaka sauti ikakauka, akabaki na bega na mguu.

Kisha Kop akashikwa na njaa, akalia.

Bibi Chaem alikuwa anatafuna tambuu nyumbani kwake, akaacha kutafuna. Sauti ya mama mtu inaweza kuigwa, alisema, lakini kilio kile nilikipokea mimi kwa mikono hii. Akachukua fimbo. Walimzuia mlangoni, akawapiga nayo.

"Wewe ni mtu au ni mti?" akauliza kutoka chini ya ngazi.

"Mtu, bibi," ikajibu sauti ndogo. "Mti usingechoka."

Mkunga akapanda, na nyonga yake ile. "Toa mguu nipite."

"Nikiutoa atapita yeye."

Bibi Chaem akatazama, akaona yote. Akainua nguo yake, akauvuka ule mguu juujuu, taratibu, bila kuugusa. Yeye ndiye wa kwanza kuvuka hivyo. Akapiga vigingi vya ukuta kimoja baada ya kingine, halafu akachukua ubao wa kitandani, ule mpana, akausimamisha mlangoni sambamba na mguu, akaukaza.

"Sasa toa."

"Siwezi, bibi. Siusikii."

Akauinua yeye kwa mikono miwili, kama anavyoinuliwa mtoto mchanga, akauweka ndani. Jua lilikuwa limebakiza ukucha.

Asubuhi Fundi Bunma alikuja na timazi yake, akaining'iniza ukutani, akatikisa kichwa. "Zimepinda. Zote nne."

"Zinamwangalia mtoto," Bibi Chaem akasema. "Wewe za kwako zinaangalia wapi?"

Wiki hiyohiyo, paa likiwa limeshaezekwa, mvua zikaja na dhoruba, na nyumba zenye kuta wima zikapoteza kuta, nyingine paa, na maji yakapanda mpaka kwenye ngazi za watu. Nyumba ya Lamduan ililia tu usiku kucha, kuta zikiegemeana, na Kop alilala nyuma ya ubao. Maji yalipopungua watu wakaja na nyuzi za kupimia. Wakauliza zimeinama vidole vingapi. Wakauliza ubao una kimo gani, akawaonyesha kwenye mguu wake. Waliandika yote vichwani, wakashukuru, wakaenda kusimamisha za kwao. Hakuna aliyemuuliza alisimama pale muda gani. Na mumewe hakurudi, wala ubao haukurudi kitandani.

Na tangu siku hiyo nyumba za mbao za nchi hii, hasa za kando ya maji, zina kuta zinazoinamia ndani, na mlangoni pana kizingiti kirefu, na hakuna mtu, awe mgeni, awe mwenye nyumba, anayekikanyaga. Hata hii yangu, ambayo baba wa mtoto huyu aliiacha imesimama alipokwenda kufuata kazi, simu yake inaita mara moja kwa wiki, ikiita.

Basi mkitoka, inueni miguu. Vukeni taratibu kama alivyovuka mkunga. Hapo pana mtu amenyoosha mguu, na hajaambiwa bado kwamba anaweza kuutoa.