Fisi Aliyeomba Ukoko Tu

Mwaka ule mvua iligoma. Nyasi zilikauka, kisima kikabaki tope, na wanyama wanyonge wakazoea kulala na njaa. Lakini sikukuu haina habari na ukame. Siku yake ikifika, imefika. Bi Kanga, mjane mwenye vifaranga kumi na mmoja ambao hawajawahi kuonja wali tangu watoke kwenye mayai, alishindwa kuwaambia wanawe kwamba mwaka huu hakuna sikukuu. Akafunga kibwebwe, akapita mlango kwa mlango kuomba michango, ili wote wasio na kitu wale bure, hata kama ni mlo mmoja tu.

Michango ikaja. Panya Buku alifukua magunia mawili ya mchele aliyoyaficha shimoni. Tumbili akaangua nazi. Tembo akabeba maji kutoka mbali. Simba naye, mfalme mwenyewe, alitoa ruhusa. Tena akasisitiza kwamba jina lake litangulie kutajwa, maana ruhusa si kitu kidogo.

Ikabaki kazi ya kupika sufuria tatu za wali. Nani atajitolea kusimama motoni tangu asubuhi bila ujira? Mkutanoni kila mmoja akamtazama jirani yake. Ndipo akasimama Fisi, huyuhuyu Fisi mnayemjua, akafuta mate, akainamisha kichwa kama mwali.

"Mimi nitapika," alisema.

Watu walicheka mpaka Tumbili akaanguka kutoka tawini. Fisi na sufuria, wapi na wapi!

"Chekeni tu, ndugu zangu," Fisi alisema kwa sauti ya kuonewa. "Mimi sitaki hata punje. Wali wote ni wa wageni. Nipeni ukoko, basi."

Kicheko kikakatika. Kila mtu anajua kwamba ukoko ni haki ya mpishi tangu enzi za mababu. Kile kigamba cha chini ya sufuria hakiandaliwi mbele ya mgeni. Aliyeomba ukoko hajaomba kitu. Bi Kanga machozi yalimlengalenga, akajilaumu kwa kumdhania mwenzake vibaya.

Sungura peke yake hakuguswa.

"Mjomba," aliuliza, "ukoko ukiwa mchache?"

"Nitashukuru."

"Ukiwa mwingi?"

"Nitajikaza, nitaumaliza."

"Na ukiungua?"

"Wewe nawe! Ukoko usioungua ni ukoko gani?" Fisi akamgeukia Simba. "Mzee, naapa mbele yako. Kitakachoganda chini ya sufuria ndicho chetu, mimi na jamaa zangu. Tukidai kingine, tuvunjwe miguu."

"Nimesikia," Simba alisema, na safari hii alikuwa amesikia kweli, kwa kuwa alitajwa.

Moyoni Fisi alikuwa hoi kwa kicheko. Wajinga hawa! Nani aliwahi kupima unene wa ukoko? Moto mdogo hutoa ukoko mwembamba. Moto mkubwa hutoa ukoko mnene. Na moto wa Fisi je? Moto wa Fisi ungegandisha sufuria zote tatu, kutoka chini mpaka karibu na mfuniko. Wageni wangepakuliwa kijiko kimoja cha juujuu, wakaambiwa poleni, moto ulizidi. Ukoko mgumu hivyo Kanga hawezi kuudonoa wala Sungura kuutafuna, ila meno yaliyozoea kuvunja mifupa hayana shida nao. Alipofika kwake akapeleka salamu kwa kaka zake wawili na shemeji yake: "Njooni sikukuu. Njooni na vikapu."

Siku yenyewe ilipofika, Fisi alikuwa mpishi wa kupigiwa mfano. Aliosha mchele, akakuna nazi, akatia chumvi, hata hakulamba mwiko. Bi Kanga alikuwa anapita kila saa kumshukuru, nyuma yake vifaranga kumi na mmoja wakinusa ile harufu ya nazi na kuuliza, "Mama, bado? Mama, bado?"

"Bado kidogo, wanangu," alijibu Fisi kwa upole, mnafiki mkubwa.

Maji yalipokauka sufuriani, wakati ambao mpishi mwenye akili zake hupunguza moto na kuweka makaa juu ya mfuniko, Fisi alitazama kushoto, akatazama kulia, akasukumia chini ya kila sufuria magogo matatu makavu ya mgunga. Moto ukanguruma.

Sungura akatokea. Aliyaona magogo. Akawaona na wale jamaa watatu wamekaa kivulini, kila mmoja na kikapu chake.

"Vikapu vya nini, mjomba?"

"Vya ukoko. Chakula cha sadaka hakitupwi. Haya, pisha hapo, moto hauchezewi!"

Sungura alijua kwamba akipiga kelele patazuka ugomvi, na watu wakigombana wali utaungua palepale. Akapisha. Akaenda mbio mpaka kwa Simba.

"Mzee, watu wanauliza kwa nini wale waliojitolea hawajaheshimiwa. Wanasema hotuba yako ndiyo itakayowapa heshima. Uwaketishe mbele yako, mpishi na jamaa zake, uwasifu kwanza, ndipo tule."

Katika maneno yote hayo Simba alishika moja tu: hotuba. Akaunguruma, na wote wakakusanyika, ila wale wanyonge waliokuwa wakingoja mlo nyuma ya vichaka.

Lazima mjue jambo moja kuhusu hotuba za Simba. Haziishi, na hakuna kuinuka. Sikukuu iliyopita Nyani aliinuka kidogo tu kujikuna, na mpaka leo anachechemea.

Fisi aliitwa mbele pamoja na jamaa zake. Hakukataa. Kwanza sifa ni tamu. Pili alipiga hesabu yake kichwani: Simba akizidi kusema, moto unazidi kufanya kazi. "Sema, Mzee, sema," alijisemea, akakaa vizuri.

Simba akaanza na babu yake.

Kule jikoni, alikochepukia na Bi Kanga kabla hotuba haijaanza, Sungura alifunua sufuria ya kwanza. Chini palishaanza kushika, ila juu wali ulikuwa mweupe, umeiva, unachambuka. "Bi Kanga, haraka! Masinia!" Wakapakua, mikono ikiwaungua, sufuria ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka mwiko ukagonga pagumu. Masinia yakapelekwa nyuma ya vichaka kwa mayatima, wajane na wazee. Wali ulinukia moshi kidogo, lakini mwenye njaa hana habari na moshi. Vifaranga kumi na mmoja walizamisha vidomo vyao. Bi Kanga alisimama akiwatazama, akalia waziwazi, wala hakujifuta.

"Tuondoe magogo?" aliuliza aliporudi jikoni.

"Aka! Moto ni wa mpishi," Sungura alisema, akarudisha mifuniko. "Sisi ni nani tuuguse?"

Simba alikuwa amefika kwa babu wa babu yake. Harufu ya kuungua ikapita puani mwa Fisi, akatabasamu. Ikapita tena, kali zaidi, akaacha kutabasamu. Kisha moshi mweusi ukapanda jikoni. Fisi akainua matako.

"Unakwenda wapi," Simba aliuliza, "na mimi ndiyo kwanza nafika kwenye sifa zako?"

Fisi akashusha matako.

Jua lilikuwa limeinama hotuba ilipokwisha. Sungura akaziburuta sufuria mbele ya watu wote, akazigeuza juu chini, akazigonga kwa mchi. Ngo! Yakaanguka mabamba matatu meusi tii.

"Wali uko wapi?" Fisi alipiga ukelele.

"Umeliwa na wenyewe," Sungura alijibu. "Wewe uliomba ukoko."

"Huu si ukoko, huu ni mkaa!"

"Mjomba, ukoko usioungua ni ukoko gani?"

Fisi akamgeukia Simba. Angesema nini? Kwamba magogo ni yake lakini moto si wake?

"Uliapa mbele yangu," Simba alisema, "wewe na jamaa zako. Na nimewasifu mchana kutwa. Mnataka nionekane mwongo? Kuleni, tuwaone!"

Wakala. Weee, walikula! Kaka mmoja alivunjika jino. Yule shemeji, masizi yakimtiririka kidevuni pamoja na machozi, alimgeukia Fisi: "Nimeacha mzoga wangu mzima nyumbani kwa ajili ya hiki?" Fisi alizidi kutafuna, kwa kuwa Simba alikuwa anamtazama. Na vifaranga kumi na mmoja, matumbo yamewajaa, walikuja wakajipanga mbele yao.

"Asante, mjomba," walisema kwa adabu. "Wali ulikuwa mtamu sana."

Tangu siku hiyo midomo ya ukoo wote wa fisi ni myeusi, mkubwa kwa mdogo, hata wale ambao hawakwenda na vikapu. Mchuma janga hula na wa kwao.