Ndui Chini ya Kawa

Hapo zamani, wafalme walipokuwa na huruma hata ya kutupunguzia uzito wa mali zetu wenyewe, alikuwako Sultani Shekuwe. Kila mavuno hutwaa kodi. Tena, kwa kuwatakia watu afya, akaamuru kila nyumba impelekee Tabibu Idarusi kuku kila mwezi ukiandama, ili siku mtu akiugua atibiwe bure. Bure hiyo! Tabibu akanenepa, watu wakakonda.

Watu waliponung'unika, Sultani akapiga mbiu: "Kuku wa tabibu watapunguzwa katika kodi!" Vigelegele mji mzima. Kumbe mbiu ilikuwa na mkia. Aliyeugua akienda kudai huambiwa, "Wewe umekwisha kunywa dawa, umelipwa." Asiyeugua huambiwa, "Lete kwanza huo ugonjwa waliokukinga nao hao kuku, tuuone."

Basi palikuwa na mjane, Bi Mbeyu, msuka makawa ya ukili, hana kitu ila mbuzi mmoja wa maziwa. Mwaka ule hakuugua hata mafua, na kodi yake ikawa ndiyo yule mbuzi. Askari wakamjia. "Bibi, lete ugonjwa, ama tunakwenda na mbuzi."

"Ngojeni nijitande, wanangu. Siendi kwa Sultani mikono mitupu."

Ikawa amefika barazani na chano kichwani, juu yake kawa jipya la ukili kama lile la kufunikia chakula cha mgeni. Akakitua miguuni pa Sultani.

"Maulana, nimeleta."

"Umeleta nini?"

"Ndui. Ile ambayo sikuugua. Funua, bwana wangu, maana chano hufunuliwa na aliyeletewa. Mimi sikulelewa vibaya hata nikufunulie."

Mkono wa Sultani ukaenda, ukarudi. "Tabibu, funua wewe."

"Mimi nani, maulana, hata nifunue chano cha Sultani?" akasema Tabibu Idarusi, huku akirudi kinyumenyume mpaka akawakanyaga mawaziri, nao walikuwa wamekwisha kufika mlangoni.

"Mwanamke, humo hamna kitu!" akasema Sultani, pua kaifunika kwa ncha ya kilemba.

"Basi funua. Ikiwa hamna, chukua mbuzi. Ikiwa imo, nipunguzie kuku wangu. Waogopa nini, na tabibu yupo? Kuku wote kawala yeye."

Askari mmoja akacheka, akajifanya anakohoa. Waliokuwa karibu naye wakakimbia.

"Mpunguzieni!" akapiga kelele Sultani. "Mwachieni mbuzi wake! Na chano hicho kitoke!"

"Bila hata kuonja, maulana?"

Kesho yake njia ya jumbani ikajaa watu, kila mmoja na chano chake kichwani, na kwa Bi Mbeyu hapakusalia kawa hata moja la kuuza. Sultani akaamuru wote wapunguziwe hukohuko nje, lango lisifunguliwe.

Na lile kawa la kwanza? Bi Mbeyu aliliweka uani, mbuzi akalitafuna lote, ndui na ukili wake, na jioni akakamuliwa maziwa kama kawaida.