Mfuko Ulio Kwenye Buti ya Gari

Mmenipa kipindi cha vijana hapa kanisani, asanteni, na mnajua mdomo wangu. Wekeni simu chini. Tuseme palikuwa na mzee mmoja, kinyozi wa sokoni, ambaye macho yalipoanza kuchoka alifunga kibanda chake. Alifunga kibanda, lakini mfuko wake hakuufunga. Kila Jumamosi aliubeba, beseni, brashi, sabuni na nyembe mpya, akaenda hospitali, wodi ya wanaume, kunyoa wagonjwa. Bure. Hakuna per diem, hakuna tisheti ya shirika.

Alikuwa na swali lake moja kwa kila kitanda.

"Haya bwana, leo nikunyoe ya bwana harusi au ya mfungwa?"

"Ya mheshimiwa, mzee. Nagombea kiti."

"Basi lala vizuri, wapiga kura wasikuone mbavu."

Wodi nzima inacheka. Hata yule wa pembeni aliyegeukia ukuta tangu aletwe, anageuka. Na mzee mwenyewe je? Magoti yaliyomsumbua wiki nzima, Jumamosi yalisahau kuuma. Mnashangaa nini? Magoti nayo yanajua yanapoitwa.

Sasa mtu akampiga picha. Mzee amepiga magoti kando ya kitanda, mkononi kidevu cha mtu, povu hadi kwenye kiwiko. Picha ikaruka mpaka kwenye group ya familia. God bless this mzee, moyo, moyo, mikono ya maombi. Halafu binamu mmoja, ninyi mnamjua huyo binamu, kila familia inaye, akaandika: "Kwani watoto wake wameshindwa kumlisha?"

Kesho yake kijana wa mzee akaingia nyumbani na gari, amenuna.

"Baba, unatuaibisha."

"Nimemwaibisha nani? Wale ninaowanyoa wananishukuru."

"Watu wanasema hatukutunzi. Wewe kazi yako iliisha, Baba. Pumzika."

"Sasa mwanangu, nimechokea wapi hata nipumzike?"

Kijana akachukua ufunguo wa gari, akatoka. Alikuwa na mapenzi, tusimwonee. Alikuwa na mapenzi ya mtu anayeogopa majirani. Akanunua kochi la kuzamia, TV pana kama dirisha, akaajiri msichana wa kazi. Na ule mfuko akautupa kwenye buti ya gari lake, ili mzee asishawishike. Case closed.

Jumamosi ya kwanza mzee aliamka, akavaa shati safi, akaketi. Baadaye akaacha kuuliza leo ni siku gani. Ndevu zikaota, maana wembe wake nao ulikuwa ndani ya mfuko, na kuomba wembe ndani ya nyumba yako mwenyewe si kitu rahisi kwa kinyozi. Kijana alikuwa akipiga simu kila mara, na msichana anajibu, "Mzee ako sawa, anaangalia TV." Hakudanganya. Mzee alikuwa anaiangalia hata ikiwa imezimwa.

Mpaka asubuhi moja akashindwa kusimama.

Wakampeleka hospitali. Wodi ileile. Daktari akapima presha, sukari, damu, akapima tena, hakuona cha kushika. Kijana akasimama kando ya kitanda, akaangalia zile ndevu, aibu ikampanda upya. Akamwita nesi.

"Sister, hapa hakuna mtu wa kunyoa wagonjwa? Baba anaonekana kama hana watoto."

"Alikuwako mzee mmoja," nesi akasema. "Msafi! Anacheka na kila mtu. Watoto wake wakamkataza, eti ni aibu. Ningewaona hao watoto, kaka, ningewaambia kitu." Akamtandika mgonjwa blanketi vizuri, akainua kalamu. "Na huyu mzee wako anaitwa nani?"

Mnasikia? Nesi ameinama juu ya mzee yuleyule, na ndevu zimemficha.

Kijana hakuweza kulitaja lile jina. Alitoka mpaka kwenye gari, akafungua buti. Mfuko ulikuwepo, chini ya spea. Brashi imekauka kama kijiti. Akarudi, akachota maji, akampaka baba yake povu, akajaribu kuwa mchangamfu.

"Baba, leo tunyoe ya bwana harusi, si ndiyo?"

Mzee akafumbua macho.

"Ninyoe ya mfungwa, mwanangu. Ndiyo niliyoizoea."

Alimnyoa, vibaya, akimkatakata. Wiki ile haikuisha, akanyolewa tena, na waliouosha mwili wake. Safari hii hakuna aliyemuuliza anataka ya nani.

Mimi naomba tusimpige mawe yule kijana, kwa sababu sisi ni yeye. Nani aliwatoa akina mama wazee jikoni siku za harusi, akaleta watu wa catering, akawapa viti vya plastiki chini ya tenti wakae kama maua? Nani alimwambia mzee aliyepiga kengele ya kanisa "umetumika vya kutosha"? Tuliita respect. Tulikuwa tunawafunga, kwa vitambaa vizuri.

Na msiniambie kukaa ni raha. Hilo kochi nalijua. Nina digrii, kazi sina, na kila asubuhi naamka, navaa shati, halafu hakuna anayeningoja popote. Mtu akila akashiba, na bado hakuna anayemhitaji, anaisha, polepole, huku mnasema ako sawa. Mimi nilifungiwa na nchi. Huyu alifungiwa na mtoto aliyempenda.

Kwa hiyo leo mkifika nyumbani, kabla hujamsogezea mzazi wako mto wa kuegemea, muulize: mfuko wako uko wapi? Akikwambia hajui, usimwombee kwanza. Toka nje ukafungue buti. Ufunguo unao wewe.